Ibn al-Nafis: tabibu aliyewakosoa Galen na Ibn Sina mwaka 1242, na mzunguko MDOGO wa damu (kichwa kimerekebishwa, tazama #5)

#1 Mchokonozi (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Juzi barazani nusura tugombane kwa sababu ya ujumbe wa WhatsApp. Mnaujua ule unaozunguka kila Ramadhani: picha ya mzee mwenye kilemba, chini yake orodha kwamba Waislamu ndio waliovumbua kamera, ndege, sabuni, saa, kahawa, yaani bado mswaki tu. Mmoja wetu akausoma kwa sauti, kifua mbele. Mzee mwingine, mwalimu mstaafu, akasonya: "Hao walitafsiri vitabu vya Wayunani tu. Wakavifungia kabatini mpaka Wazungu walipokuja kuvichukua." Kahawa ikapoa vikombeni na hakuna aliyemsikiliza mwenziwe.

Nimeona nije kumalizia huku. Kwa maoni yangu wote wawili wamekosea, tena kosa lao ni moja: wanahesabu mali. Huyu anahesabu vilivyovumbuliwa, yule anahesabu vilivyoazimwa. Mimi kinachonivutia ni jinsi wale watu walivyokuwa wakibishana na vitabu walivyovipenda. Mfano wangu ni mtu ambaye kwenye ile orodha hakuwemo kabisa, Alauddin Ibn al-Nafis.

Kwanza tumjue aliyebishiwa. Galen, ambaye Waarabu walimwita Jalinusi, alikuwa tabibu wa Kiyunani wa karne ya 2. Alianza kwa kutibu majeraha ya wapiganaji wa viwanjani kule Pergamon, akaishia kumtibu Kaisari wa Roma, Marcus Aurelius. Aliandika vitabu vingi kupita kiasi. Kuhusu damu alifundisha hivi: chakula kikishasagwa, ini linakigeuza kuwa damu, damu inakwenda mwilini na kuliwa na viungo kama maji yanavyonywewa na shamba. Sehemu yake inaingia upande wa kulia wa moyo. Kutoka hapo inapenya kwenda kushoto kupitia vijitundu vilivyomo katika ukuta wa katikati ya moyo, vidogo mno hata jicho halivioni. Huko kushoto inakutana na hewa iliyotoka mapafuni.

Hivyo vijitundu hakuna aliyewahi kuviona. Galen mwenyewe hakuviona. Alivihitaji ili hesabu yake ikae sawa, basi vikawepo. Vikakaa katika vitabu zaidi ya miaka 1,000.

Ibn Sina (980–1037), mtoto wa Afshana karibu na Bukhara, alipoandika Qanun, kitabu chake cha utabibu cha juzuu 5, alimfuata Galen katika mengi ya mwilini, na penginepo akamfuata Aristotle. Sitaki mtu amdharau Ibn Sina hapa. Kitabu chake kilisomeshwa katika vyuo vya Ulaya mpaka karne ya 17. Ila kitabu kikishakuwa kikubwa hivyo, kosa lililomo ndani nalo linapewa heshima.

Sasa Ibn al-Nafis. Alizaliwa mwaka 1213 karibu na Damascus, akasomea utabibu katika hospitali aliyoijenga Nuruddin Zangi mjini humo mwaka 1154, kisha akahamia Cairo. Mwaka 1242, akiwa na miaka 29, aliandika sharhe ya sehemu ya Qanun inayohusu viungo vya mwili. Sharhe ndilo neno letu "sherehe", lile tunalolikuta mwishoni mwa vitabu vya mashairi kwa maana ya ufafanuzi wa maneno magumu, si la harusi. Kazi ya mwenye kuandika sherehe ni kumfafanulia msomaji alichosema bwana mkubwa. Anakaa pembeni, anaeleza, basi.

Yeye alipofika kwenye moyo akasimama. Ibn Sina kasema moyo una vyumba vitatu. Ibn al-Nafis akaandika kwamba maneno hayo si sahihi, moyo una vyumba viwili tu (wao walikuwa wakihesabu vile vikubwa vya chini). Na ukuta wa katikati akasema ni mnene, umeziba, hauna tundu linaloonekana kama wanavyodhani wengine, wala lisiloonekana kama anavyodhani Galen. Basi damu inafikaje kushoto? Akajibu: inatoka chumba cha kulia kwa mshipa mkubwa mpaka mapafuni, inaenea humo na kuchanganyika na hewa, halafu inarudi kwa mshipa mwingine hadi chumba cha kushoto.

Haya aliyaandika ndani ya kitabu cha kumfafanua mtu anayempinga, kwa lugha ya adabu, bila kupiga kelele.

Kuna neno la Kiarabu, shakk, na wingi wake shukuk. Sisi tunalo: shaka. Al-Razi, tabibu aliyemtangulia Ibn Sina, aliandika kitabu kizima kiitwacho Shukuk juu ya Jalinusi. Ibn al-Haytham akaandika Shukuk juu ya Batlamyusi, yaani Ptolemy yule wa nyota. Katika Kiswahili shaka ni kitu cha kumwondolea mtu, "usiwe na shaka". Wale waliiandikia vitabu.

Nikipata nafasi jioni nitaendelea na al-Razi. Wajuzi karibuni, na wabishi pia.

#2 Kipanga wa Pwani

Nimeshavuta kigoda. Mkuu shusha nondo.

#3 Nataka Chanzo

Mleta uzi umeandika vizuri ila umekimbia swali kubwa. Je, huyo Ibn al-Nafis alipasua maiti hata moja? Ninavyojua aliandika mwenyewe kwamba sheria ya dini na huruma vilimzuia. Sasa kama hakupasua, hapo kabahatisha tu. Galen kabahatisha vijitundu, huyu kabahatisha mapafu, na mmoja wao kapatia. Pili, kama hakuna aliyemsoma mpaka karne ya 20, huo mchango uko wapi? Mchango ni kitu kinachofika kwa wengine. Wazungu walimjua Harvey, yule tabibu wa Kiingereza aliyeeleza mzunguko wa damu, hawakumjua huyu.

Sina ugomvi na dini ya mtu, nauliza tu.

#4 Mchokonozi

Mkuu, maswali yako ni ya haki. Nitaanza na la pili kwa sababu lina hadithi.

Ni kweli alisahaulika. Mwaka 1924 tabibu kijana wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alikuwa akisoma Ujerumani. Katika maktaba kuu ya Berlin akakuta hati ya ile sherehe, akaisoma, akafika kwenye ule ukurasa wa moyo. Akaandika tasnifu yake Freiburg kueleza alichokikuta. Walimu wake hawakuamini macho yao, wakaomba maoni ya Max Meyerhof, tabibu wa macho aliyekuwa akiishi Cairo na kukijua Kiarabu vizuri. Meyerhof akathibitisha na ndiye aliyeitangazia dunia.

Lakini "hakuna aliyemsoma" ni kauli nzito. Andrea Alpago, Mwitalia aliyekaa Damascus miaka mingi, alitafsiri kwa Kilatini baadhi ya maandishi ya Ibn al-Nafis, na mwaka 1547 tafsiri yake ikachapwa Venice. Mwaka 1553 Miguel Servet anaandika kwamba damu inapita mapafuni. Mwaka 1559 Realdo Colombo wa Padua anasema hivyo hivyo. Je, walipata fununu? Sehemu iliyochapwa mwaka 1547 haikuwa ile ya moyo, kwa hiyo wanahistoria wamegawanyika mpaka leo, na mimi sitajifanya nimewaamulia.

Kuhusu kupasua: aliandika hivyo, ni kweli. Wapo wanaosema ile ilikuwa kinga tu, kwamba mtu asingeweza kueleza ugumu wa ukuta wa moyo bila kuushika. Mtu anaweza kuushika wa mnyama, hata sisi kila Idi tunaushika. Hata hivyo tuseme hakupasua chochote. Bado si sawa na kubahatisha. Galen alikuwa na tatizo akatunga vijitundu kulitatua. Huyu aliuliza: mshipa unaotoka chumba cha kulia kwenda mapafuni, mbona ni mkubwa hivi? Kama kazi yake ni kuyalisha mapafu tu, damu yote hii ya nini? Akaanza na kilichopo akafuata kinakoelekea.

Kitu kimoja zaidi kinachonifurahisha. Alikuwa faqihi wa madhehebu ya Shafi, akifundisha sheria katika madrasa ya Masruriyya pale Cairo. Madhehebu hayo hayo ndiyo ya pwani yetu yote kuanzia Lamu mpaka Kilwa. Yaani siku moja anafundisha sheria, siku nyingine anafundisha mapafu.

#5 Nesi wa Zamu ya Usiku

Jamani mimi nipo wodini, nimesoma huu uzi kwenye mapumziko na nina mambo mawili.

Kwanza marekebisho. Kichwa cha uzi kimesema "aliyegundua mzunguko wa damu". Hapana, kaka. Alichoeleza ni mzunguko mdogo: moyo, mapafu, moyo. Kwamba damu ile ile inakwenda mwili mzima na kurudi, tena na tena, hiyo ni ya Harvey, 1628, na alipima. Alikadiria damu inayosukumwa kwa kila pigo, akazidisha kwa mapigo, akaona kwa muda mfupi tu inazidi chakula chochote ambacho ini lingeweza kukigeuza kuwa damu. Kwa hiyo lazima inarudi. Usimpe mzee wako deni asilolidai.

Ila mpe hili umelisahau: Ibn al-Nafis alisema kwamba mapafuni, kati ya mshipa unaoleta na mshipa unaorudisha, pana vinjia. Vinjia hivyo ndivyo kapilari, na Malpighi aliviona kwa hadubini mwaka 1661. Mtu anasema mwaka 1242 kwamba lazima vipo, vinakuja kuonekana miaka 400 baadaye. Hapo ndipo nilipoweka simu chini.

Jambo la pili. Tunapokea watoto wenye tundu kwenye moyo. Tundu lile linakuwa hasa kwenye ukuta huo huo mnaoujadili. Mtoto anakuja anahema, haongezeki uzito, akinyonya anatoka jasho, wengine midomo inabadilika rangi. Zamani mzazi alikuwa akihangaikia safari ya India, siku hizi wengi wanafanyiwa Muhimbili pale Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Sasa mimi nikisoma kwamba Galen alitaka sote tuwe na vijitundu ukutani ndiyo tuishi, nacheka peke yangu kwenye meza ya manesi. Na kuwa mkweli kwake: mtoto akiwa tumboni kweli lipo tundu, kati ya vyumba vya juu, maana mapafu bado hayajaanza kazi. Akizaliwa linaziba. Likigoma, ndiyo tunaonana.

Narudi kazini.

#6 Mchokonozi

Dada umenipiga na umenipatia. Nimebadilisha kichwa cha uzi, nimeongeza MDOGO kwa herufi kubwa ili mtu asijifanye hakuona. Ahsante kwa vinjia pia. Nilivisoma nikavipita.

Al-Razi kama nilivyoahidi. Abubakar Muhammad bin Zakariya, mtu wa Rayy, mji ambao leo umemezwa na Tehran. Alizaliwa karibu mwaka 865, akaongoza hospitali kwao kisha Baghdad, akafa mwaka 925 kwa kauli iliyo mashuhuri. Uzeeni alikuwa kipofu.

Kijitabu chake juu ya ndui na surua ndicho cha kale kabisa tulichonacho kinachotenganisha magonjwa hayo mawili kwa uwazi. Ukikisoma unaona mtu aliyekaa kitandani kwa mgonjwa. Anasema maumivu ya mgongo yanatangulia zaidi katika ndui, na kichefuchefu na mfadhaiko vinazidi katika surua. Anaeleza vipele vinavyotoka, vipi ni vya hatari, macho na koo vilindwe vipi. Kilitafsiriwa Kilatini, na hata mwaka 1848 Waingereza walikuwa bado wanakichapa kwa lugha yao, wakati ndui ingalipo. Hapa kwetu wazee waliokuwa na makovu ya ndui usoni tumewaona. Ugonjwa ulitangazwa kumalizika duniani mwaka 1980.

Lakini linalonikosha zaidi ni dogo. Katika madaftari yake, ambayo wanafunzi waliyakusanya baada ya kifo chake yakawa kitabu kikubwa cha al-Hawi, anazungumzia sirsam, homa ya kichwani ambayo wengi wanaifananisha na hii yetu ya uti wa mgongo. Alikuwa akiamini kutoa damu kunasaidia. Anasema alilitoa damu kundi moja la wagonjwa na akaliacha jingine makusudi bila kulitoa, ili apate hakika. Leo tunajua kutoa damu si dawa ya homa hiyo, kwa hiyo jibu alilolipata halikuwa zuri. Swali lake ndilo lililokuwa zuri: nitajuaje kama ni dawa yangu iliyomponya?

#7 Mpiga Chuku

Na ile ya nyama mbona umeiruka? Aliambiwa achague kiwanja cha hospitali Baghdad, akatundika minofu ya nyama kila mtaa, ule ambao nyama ilichelewa kuoza ndipo pakajengwa. Hiyo tumehadithiwa tangu chuoni.

#8 Mchokonozi

Nimeiruka kwa sababu tarehe zinagoma, sheikh. Hospitali inayotajwa katika kisa hicho ni ya Adud al-Dawla, iliyofunguliwa karibu mwaka 981. Al-Razi alikuwa keshakufa zamani. Kisa kimo katika kitabu cha Ibn Abi Usaybi'a, mwandishi wa wasifu wa matabibu wa karne ya 13, na hata yeye alitia shaka kwamba al-Razi aliiwahi hospitali hiyo.

Kisa ni kitamu lakini. Anayetaka kukisimulia watoto asimulie, ila asiandike "imethibitishwa".

#9 Binti Mkunazini

Naomba niwatoe kidogo kwenye vitabu niwapeleke kwenye hela, maana hakuna anayeuliza nani alikuwa analipa.

Ibn al-Nafis alipofariki Cairo mwaka 1288, nyumba yake na vitabu vyake aliviacha wakfu kwa hospitali ya Mansuri. Hospitali hiyo ilijengwa na Sultani Qalawun mwaka 1284 hadi 1285. Inasemekana Qalawun aliugua akiwa Damascus kabla hajawa sultani, akatibiwa kwa dawa zilizotoka ile hospitali ya Nuruddin, akaweka nadhiri kwamba akipata ufalme naye atajenga. Akapata, akajenga. Hospitali, madrasa na kaburi lake, vyote pamoja, vilikamilika kwa mwaka mmoja na kitu.

Ilikuwa na sehemu ya wenye homa, ya macho, ya majeraha, ya wanaoharisha, wanawake mahali pao na wanaume mahali pao. Hati ya wakfu ilisema wapokewe matajiri na maskini, wenyeji na wageni. Palikuwa na jiko, stoo ya dawa, mahali pa tabibu kukaa na wanafunzi. Na gharama zote zilitoka kwenye mali iliyowekwa wakfu: maduka, mahamamu, mashamba, kodi yake inaingia hospitali kila mwezi. Hapa Zanzibar wakfu tunaujua, nyumba ngapi za Mji Mkongwe kodi yake ni ya msikiti fulani au ya jamaa fulani. Sasa fikirini nyumba za mtaa mzima kodi yake iwe ya dawa na supu ya wagonjwa.

Kaburi na madrasa bado vimesimama katika barabara ya al-Muizz. Hospitali yenyewe yamebaki magofu, na palepale kiwanjani kuna hospitali ya macho yenye jina la Qalawun.

Halafu neno lenyewe la hospitali lilikuwa bimaristan, la Kiajemi: bimar ni mgonjwa. Sisi bima tumeipata kwa Wahindi na maana yake nyingine kabisa, ila siku kadi inapokataa kusoma dirishani maana zote mbili zinakutana.

#10 Kipanga wa Pwani

Hapo kwenye bima nimecheka mpaka jirani kagonga ukuta 😂😂

#11 Msema Kweli Mpenzi wa Mungu

Mbona hamsemi kilichoua hayo yote? Imam Ghazali. Aliandika Tahafut al-Falasifa kuwapinga wanafalsafa, watu wakaacha akili wakashika taklidi, yaani kufuata bila kuhoji. Baada yake giza. Ibn Rushd akajaribu kumjibu, vitabu vyake vikachomwa moto. Mbona wapenzi wa historia mnakwepa hapa?

#12 Mwanafalaki

Hatukwepi, ndugu yangu, tulikuwa tunasubiri mtu alete. Hii hoja huwa nakutana nayo kila mwaka wakati wa mabishano ya mwezi mwandamo.

Weka tarehe mezani. Tahafut ya Ghazali ni ya mwaka 1095 hivi, naye akafariki mwaka 1111. Mtu ambaye uzi huu unamhusu kazaliwa mwaka 1213. Kituo cha nyota cha Maragha alichokisimamia Nasiruddin al-Tusi kilianza mwaka 1259, mwaka mmoja baada ya Wamongolia kuiangusha Baghdad, tena kwa fedha ya Hulagu huyo huyo aliyeiangusha. Kamaluddin al-Farisi, aliyefariki mwaka 1319, alichukua tufe la kioo akalijaza maji kama tone kubwa la mvua, akapitisha mwanga, akaeleza upinde wa mvua unavyotokea. Ibn al-Shatir, aliyefariki mwaka 1375, kazi yake ilikuwa kupanga nyakati za sala katika Msikiti wa Bani Umayya, Damascus. Huyo mpanga nyakati wa msikiti alitengeneza hesabu ya mwendo wa mwezi ambayo Copernicus, yule mtaalamu wa nyota wa Ulaya, anakuja nayo, ile ile, katika kitabu cha mwaka 1543. Kama lile lilikuwa giza, basi lilikuwa na taa nyingi.

Pili, watu hawamsomi Ghazali, wanasoma aliyosemewa. Mwanzoni mwa kitabu hicho hicho cha Tahafut anasema kupatwa kwa jua na mwezi kumethibitishwa kwa hesabu na jometri, na mwenye kudhani kwamba kuyapinga hayo ni kuitetea dini, huyo ndiye anayeidhuru dini. Ugomvi wake na Ibn Sina ulikuwa mahali pengine: kama ulimwengu ni wa milele, kama Mungu anajua mambo madogo madogo, kama miili itafufuliwa. Na lile la sababu na matokeo, kwamba pamba kuungua ikigusana na moto si lazima ya kiakili, tumeona tu vinafuatana. Unaweza kumpinga, na Ibn Rushd alimpinga vikali. Alisema anayekanusha sababu anaikanusha akili.

Kuhusu Ibn Rushd uko sahihi nusu. Alikuwa kadhi wa Seville na Cordoba na tabibu wa khalifa. Mwaka 1195 akafukuziwa Lucena na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa. Baadaye akarudishwa, akafia Marrakesh mwaka 1198. Siasa ilikuwamo sana, khalifa alikuwa vitani na alihitaji kuwaridhisha watu. Hilo ni doa na sitalipaka chokaa.

Kwa nini mambo yalififia baadaye, mimi nadhani sababu ni nyingi: vita, tauni ya 1348, wakfu kuliwa na watawala, njia za biashara kuhama. Anayekuletea sababu moja yenye jina la mtu mmoja, muulize tarehe.

#13 Nataka Chanzo

Mwanafalaki nimekuelewa. Kwenye kamera je? Maana ile orodha ya WhatsApp inasema Ibn al-Haytham kavumbua kamera, na hapo hakuna aliyeikana.

#14 Mchokonozi

Hakuvumbua kamera. Mtu wa Basra, kazaliwa karibu mwaka 965, kafariki Cairo karibu mwaka 1040. Alichofanya ni kutumia chumba cha giza, al-bayt al-muzlim. Unaweka taa kadhaa nje mbele ya tundu dogo, ndani ukutani unaona madoa ya mwanga kwa idadi ile ile. Funika taa moja, doa lake linapotea, mengine yanabaki. Kwa hiyo mianga imepita tundu moja bila kuchanganyika, kila mmoja umenyoka njia yake. Watu walijua kabla yake kwamba tundu dogo linaleta picha ya jua. Yeye alilifanya swali lenye jibu.

Kwa nini alihangaika? Kwa sababu Euclid na Ptolemy walifundisha kwamba jicho linatoa miali kwenda kugusa vitu. Yeye akaanza na jambo ambalo kila mtu analijua: ukilitazama jua linakuumiza macho. Mwanga unaingia, hautoki. Kitabu chake cha juzuu 7 kilifika Ulaya kwa Kilatini na kikachapwa Basel mwaka 1572.

Inasimuliwa pia kwamba aliahidi kuudhibiti Mto Nile, akatumwa kusini, akaona mahekalu ya Mafirauni, akajiambia: watu waliojenga haya kama ingewezekana wangekuwa wamefanya. Akarudi, akamwogopa al-Hakim, khalifa wa Misri, akajitia wazimu mpaka khalifa huyo akafa mwaka 1021. Hii nayo iko kundi moja na ile ya nyama, mimi nimeipokea kwa mkono mmoja.

#15 Mpiga Chuku

Mimi nauza habasoda na asali, na naumika watu kwa miadi. Wateja wananiuliza haya mambo. Mmenipa maneno ya kuwaambia, na mengine ya kuacha kuwaambia.

#16 Kipanga wa Pwani

Mkuu Mchokonozi, yule mwalimu mstaafu aliyesonya barazani umemwonyesha uzi?

#17 Mchokonozi

Nimemsomea jana baada ya alasiri, wote pamoja na lile la dada nesi la kuniumbua. Akasikiliza. Kwenye Ibn al-Nafis akasema "mh". Kisha akaning'ang'ania kwenye neno lake lile lile: tafsiri.

Nikamwambia habari za Hunayn bin Ishaq, Mkristo wa al-Hira, aliyefariki Baghdad mwaka 873. Huyu aliandika barua inayoorodhesha vitabu 129 vya Galen, kila kimoja nani alikitafsiri, kwa nani, na kama tafsiri ni nzuri au mbovu, hata za kwake za ujanani anazikosoa. Alikuwa hatafsiri mpaka akusanye nakala kadhaa za Kiyunani, azilinganishe, apate matini moja iliyo safi. Kuna kitabu cha Galen juu ya namna ya kuthibitisha hoja, kilikuwa na sehemu 15. Hunayn alikitafuta Jazira (kaskazini ya Iraq), Shamu nzima, Palestina, Misri, mpaka Alexandria. Hakukipata. Alipata nusu tu, Damascus, tena kurasa zimerukana.

Mwalimu akauliza: "Hicho kitabu kimepatikana siku hizi?"

Nikamwambia hapana. Vimebaki vipande vilivyonukuliwa na wengine.

"Na ile nusu ya Damascus?"

Nayo haijulikani ilipo.

Akaweka kikombe chini. Akasema kesho nimletee ile barua kama ipo kwa lugha anayoisoma, anataka kuona huyo mtu alivyokuwa akizikosoa tafsiri zake mwenyewe.